Wachongaji wa Mtwara tujifunze nini kwa mafundi wa Meksiko?

Mchongaji wa Mikindani

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi na vijana wenzangu tunaendesha karakana ndogo ya vinyago hapa Mikindani, ambayo kwa muda mrefu imetegemea mpingo peke yake. Kila anayeishi kusini anajua kwamba mpingo haupatikani kama zamani. Mti huo huhitaji miaka 70 au zaidi ndipo ufae kuvunwa, kibali chake kina taratibu zake, na gogo zuri linapofika karakanani bei yake huwa imekwisha kumpita kijana anayeanza kazi.

Kwa sababu hiyo nimekuwa nikichunguza jinsi mafundi wa nchi nyingine walivyoipa thamani kazi iliyochongwa kwa mti mwepesi, na nimevutiwa sana na jimbo la Oaxaca, kusini mwa Meksiko. Katika vijiji vya San Antonio Arrazola na San Martín Tilcajete, familia nzima huishi kwa kuchonga wanyama wa ajabu wanaoitwa alebrijes, wakiwemo mijusi yenye mabawa na sungura wenye pembe, kisha huwafunika kwa nukta na mistari myembamba ya rangi kali. Mara nyingi wanaume ndio huchonga na wanawake hupaka rangi, na nyumba moja hutofautishwa na nyingine kwa jinsi inavyopanga nukta zake.

Sikusudii kunakili wanyama wale, kwa kuwa Mmakonde anayeuza mjusi wa Oaxaca hana analomwonyesha mgeni kuhusu Mtwara. Ninataka kujua ni mbinu zipi za kule zinazoweza kufanya kazi katika hali yetu ya hewa na kwa vifaa vinavyopatikana hapa. Vilevile kuna jambo linalobishaniwa sana karakanani kwetu: sisi tumelelewa katika imani kwamba kinyago kizuri huonyesha mti wenyewe, hivyo wazee wawili wa karakana wanaona kupaka rangi ni kuuficha uchongaji mbaya. Je, wanasema kweli?

Fundi wa Newala

Kaka, nimelisoma swali lako kwa furaha, na nitaanza na hilo la rangi kwa sababu ndilo lenye uzito.

Wazee hao wanasema kweli kuhusu vinyago vya mpingo, lakini vinyago vya mpingo vya kuuzwa si uchongaji wote wa Wamakonde. Mapiko, yaani vinyago vya kuvaliwa katika ngoma, vilichongwa kwa mti mwepesi kwa sababu mchezaji huvibeba kichwani, na vilipakwa rangi, vikabandikwa nywele halisi za binadamu, na chale za usoni zikatengenezwa kwa nta ya nyuki iliyobandikwa juu ya mti. Kwa hiyo mti mwepesi, rangi na vitu vya kubandika ni ufundi wa babu zetu, nasi ndio tuliouweka kando tulipoanza kumchongea mnunuzi wa mjini. Tahadhari yangu ni moja tu: mapiko yana miiko ya jando, kwa hiyo chukueni mbinu, na sura zenyewe msizichukue kabla ya kuzungumza na wazee wanaohusika.

Hapo kwenye nta ndipo ningependa mtulie zaidi. Katika milima ya magharibi mwa Meksiko, hasa Jalisco na Nayarit, kuna watu wanaoitwa Wixárika, ambao wengi huwafahamu kwa jina la Huichol. Wao hupaka nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu wa msindano juu ya mti au ndani ya kibuyu, kisha hukandamiza shanga ndogo moja moja hadi uso wote ujae michoro ya kulungu, mahindi na jua. Kazi hiyo haihitaji tanuri, umeme wala mashine, bali macho na subira. Sasa fikirini: nta tunayo, kwa maana ufugaji wa nyuki upo katika misitu ya Liwale na Tunduru, vibuyu tunavyo, shanga zinauzwa dukani, na michoro ya chale za Kimakonde, ile mistari iliyovunjika pembe na kurudiarudia, kama kwamba ilibuniwa kwa ajili ya kupangwa kwa shanga. Binafsi naamini karakana itakayoifanya kazi hii kwa uangalifu itakuwa na kitu ambacho hakipatikani katika soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, wala mahali pengine popote nchini.

Kuhusu mti, mafundi wa Oaxaca hutumia mti unaoitwa copal, na wengine hapa kwetu wamedhani huo ni msandarusi. Sivyo. Mti wao ni wa jenasi Bursera, wa ukoo mmoja na miti ya ubani na manemane, ilhali msandarusi wetu ni wa ukoo wa kunde na mbao yake ni ngumu zaidi. Cha kuiga ni jinsi wanavyoutendea. Huuchonga ukiwa mbichi, kwa panga na visu, wakati bado ni laini. Kisha kazi huachwa ikauke polepole, na kipande kikubwa huweza kuchukua miezi. Nyufa zinazotokea huzibwa kwa vipande vyembamba vya mti uleule na mchanganyiko wa unga wa mbao, hupigwa msasa, na ndipo rangi hupakwa. Hapo kale walitumia rangi za anilini, ambazo zilipauka, na katika miaka ya 1980 wakahamia kwenye akriliki.

Kwa hapa, jaribuni mwembe, au mikorosho iliyozeeka ambayo wakulima huing'oa wanapopanda miche mipya, kwa kuwa mingi huishia kuwa mkaa. Kausheni kivulini, mbali na upepo wa bahari, na msithubutu kuanza kazi kubwa wakati wa mvua za Desemba hadi Aprili. Adui mkubwa atakuwa bungua, mdudu anayetoboa mbao. Wenzetu wa Oaxaca wamehangaika naye pia, hata wengine huweka kazi katika jokofu la kugandisha au ndani ya oveni ili kuua mayai yake kabla ya kupaka rangi. Mnunuzi akikuta unga wa bungua chini ya kinyago, hatarudi.

Naongeza neno moja kuhusu misitu. Umaarufu wa alebrijes uliifanya miti ya copal iadimike karibu na vijiji vile, wakalazimika kuinunua kutoka mbali na kuanza kuipanda upya. Sisi tumeshaliona hilo kwa mpingo, na tunayo mifano mizuri: vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi wa misitu mwaka 2009. Anayeanza kutumia mwembe leo apande mwembe leo.

Mwalimu wa Sanaa, Lindi

Nakubaliana na Fundi, ila ningependa kukumbusha kwamba alebrijes hawakuanza katika mti. Walianza katika karatasi. Pedro Linares, aliyezaliwa mwaka 1906 katika Jiji la Meksiko, alikuwa fundi wa vinyago vya karatasi na sanamu za Yuda ambazo huchomwa wakati wa Pasaka. Inasimuliwa kwamba mwaka 1936 aliugua sana, na katika homa akaota msitu uliojaa wanyama wasiokuwepo duniani, wote wakipiga kelele ya neno moja, alebrijes. Alipopona akaanza kuwatengeneza. Mwaka 1990 serikali ya nchi yake ilimpa tuzo ya taifa ya sanaa, miaka miwili kabla ya kufariki.

Nawasimulia wanafunzi wangu habari hii kwa sababu ina ndugu yake hapa nyumbani. Mtindo wa mashetani katika uchongaji wa Kimakonde, unaohusishwa na mchongaji Samaki Likankoa tangu miaka ya 1950, nao ulitoka katika viumbe visivyoonekana, na mtu mmoja alipofungua njia wengine wengi wakaifuata kila mmoja kwa mkono wake. Edward Said Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za mafuta juu ya ubao, akafariki mwaka 1972, na njia yake bado inalisha watu. Kwa hiyo kijana wa Mikindani hana haja ya kuazima ndoto ya Linares.

Ufundi wa karatasi wenyewe ni rahisi na unafaa sana mahali ambapo mti ni ghali. Tengenezeni kiunzi kwa matete au mianzi iliyopasuliwa, kisha bandikeni vipande vya karatasi tabaka kwa tabaka, kila tabaka likikauka kabla ya lingine. Kule hutumia gundi ya unga wa ngano. Sisi shuleni tunatumia uji mzito wa unga wa muhogo, na mifuko ya saruji, ikishakung'utwa vizuri, hutoa karatasi imara kuliko magazeti. Katika unyevu wa pwani uji huo huota ukungu na kuvutia mende, hivyo mtu mzima aongeze mrututu (chumvi ya shaba yenye sumu) kidogo wakati wa kupika, na watoto wasiuguse. Malizieni kwa rangi nyeupe ya msingi, rangi zenu, na vanishi pande zote, hata chini ambako hakuna anayepaona.

Mama Mfinyanzi, Kitangari

Wanangu, mmezungumza mti na karatasi, lakini udongo mmeusahau. Katika mji wa San Bartolo Coyotepec, hukohuko Oaxaca, wanafinyanga vyungu vyeusi bila gurudumu la kufinyangia: huweka kisahani kimoja kifudifudi, wakasimamisha kingine juu yake, na kukizungusha kwa mkono. Zamani vyungu vyao vilikuwa vya kijivu visivyong'aa. Katika miaka ya 1950 mama mmoja, Doña Rosa Real, alikisugua chungu kwa jiwe laini kabla hakijakauka kabisa, akakichoma kwa moto mdogo zaidi katika tanuri lililozibwa hewa isiingie, kikatoka cheusi chenye kung'aa.

Nasisitiza kwamba chungu hicho kinachong'aa hakihifadhi maji, ni cha pambo tu. Anayetaka kujaribu mbinu hii amwambie mnunuzi wazi, wala asiuze mtungi wa namna hiyo kwa mtu anayekwenda kutia maji.

Muuza Sanaa, Lindi Mjini

Mimi nachangia upande wa biashara. Tangu Januari 2022 Meksiko ina sheria ya shirikisho inayolinda urithi wa kitamaduni wa jamii zake za asili na zile zenye asili ya Afrika, baada ya malalamiko ya miaka mingi kuhusu kampuni za mitindo za nje zilizochukua michoro ya vijiji bila ruhusa. Sheria hiyo ni ya kwao, lakini heshima inayodaiwa ni ileile hata kwetu, ambao tungeumia kukuta vinyago vya Kimakonde vimetengenezwa kiwandani ughaibuni. Msiandike jina alebrije kwenye kazi zenu, wala msitumie kulungu na alama za ibada za Wixárika. Andikeni jina la mchongaji, la mti, na la Mikindani.

Mchongaji wa Mikindani

Shikamoo Mama, na ahsanteni nyote. Tumekubaliana karakanani kuanza na vibuyu na nta, kwa kutumia michoro ya chale ambayo wazee wetu wameridhia. Fundi, nina wasiwasi mmoja: je, nta haitalainika kwa joto la hapa, hasa kazi ikikaa dirishani?

Fundi wa Newala

Italainika ikipigwa na jua, ndiyo maana wenzetu huichanganya na utomvu. Nta hupoteza ugumu mapema, kabla hata ya kuyeyuka, nayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi. Jaribuni vipande vidogo vyenye viwango tofauti vya utomvu, vipangeni juu ya bati mchana wa Novemba, na chagueni kile ambacho shanga zake hazikusogea. Tandazeni nta iwe nyembamba, chini ya nusu ya kimo cha shanga, kwa sababu ikizidi hupanda juu na kuziba matundu. Kazi ikikamilika, mwelezeni mnunuzi aiweke mbali na dirisha.