Majina ya wageni yenye vialama (ü, é, ñ, ł): tuyaache yalivyo au tuvifute tukiandika kwa Kiingereza?

Karani_Njiro

Wakuu, salaam. Ofisi yetu iko Arusha, tunapeleka wageni mbugani na kuwapandisha Mlima Kilimanjaro. Karibu kila karatasi inayotoka hapa ni ya Kiingereza: ratiba, vocha za hoteli, orodha ya wapandaji, kibao cha kumpokea mgeni uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), maelezo ya mlima kwenye tovuti. Wageni wengi ni wa Ujerumani, Poland, Chekia, Uturuki na Hispania, na majina yao yamejaa vialama juu ya herufi.

Ofisini tumegawanyika. Kuna wanaosema Kiingereza hakina vialama, kwa hiyo Müller awe Muller na mambo yaishe. Wengine wanasema jina la mtu haliguswi. Wakati huo huo tiketi za ndege hazipokei ü kabisa, na mafaili tunayotumiwa yanafunguka yakiwa na herufi za ajabu.

Naomba mwenye kuijua kazi hii atueleze: vialama vinabaki wapi, vinaondoka wapi, na vikiondoka vinaondokaje? Halafu kwenye tovuti, ile barafu ya karibu na kilele cha Uhuru tuiandike Furtwangler au Furtwängler?

Mhariri_Sakina

Nianze na barafu. Andika Furtwängler. Imepewa jina la Walter Furtwängler, aliyefika kileleni mwaka 1912 pamoja na Siegfried König; ukitaja wote wawili, ä na ö zote zibaki. Mwaka huo huo Eduard Oehler na Fritz Klute walikuwa wa kwanza kukifikia kilele cha juu cha Mawenzi. Sasa tazama: Oehler ni "oe" ya asili. Mtu akijifanya anajua Kijerumani akamgeuza kuwa Öhler, kosa lake ni lile lile la kumfutia Furtwängler nukta zake. Ukurasa mmoja wa historia ya mlima wetu una majina ya aina zote mbili, na hakuna kanuni ya kukisia itakayokuokoa. Unaangalia jina lenyewe linavyoandikwa, basi.

Hoja kwamba Kiingereza hakina vialama haina mashiko. Brontë ni jina la Waingereza na linaandikwa na nukta mbili mpaka leo. Gazeti la The Guardian linawaelekeza waandishi wake waweke vialama kwenye majina ya watu wa lugha yoyote pale vinapojulikana. Shirika la habari la Associated Press lilikuwa likivikwepa kwa miaka mingi kwa sababu mitambo ya kupokelea habari ilikuwa inavivuruga, lakini tangu 2019 linaviweka kwa mtu anayevitaka au anayejulikana kuvitumia. Na hapa hapa Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikiandika hukumu kwa Kiingereza humwita mlalamikaji Lohé Issa Konaté, siyo Lohe Issa Konate. Kesi yake dhidi ya Burkina Faso iliamuliwa Desemba 2014, na vialama vyake vipo kwenye maandishi ya Kiingereza.

Kwa hiyo popote jina litakaposomwa na binadamu, yaani kibao cha KIA, barua, ratiba, cheti, tovuti, liandikwe kama mwenyewe anavyoliandika. Neno "mwenyewe" nalisisitiza. Mtunzi wa muziki Handel alizaliwa Händel, akahamia Uingereza, akawa raia wa huko mwaka 1727 na akaacha nukta. Kumrudishia kwenye maandishi ya Kiingereza ni kumsahihisha mtu jina lake. Hali kadhalika Mmarekani mwenye asili ya Mexico anayejiandika Garcia bila kialama: ni Garcia.

Majina ya miji ni habari nyingine. Mji wenye jina la Kiingereza lililozoeleka hutumia hilo: Munich, Cologne, Prague, Zurich bila nukta. Mji usio na jina la Kiingereza hubaki na lake, pamoja na vialama. Côte d'Ivoire huandikwa hivyo hata katika Kiingereza rasmi cha Umoja wa Mataifa.

Kitu kibaya kuliko vyote ni nusu nusu: García Marquez badala ya García Márquez, Antonin Dvořák badala ya Antonín Dvořák. Msomaji anayeijua lugha ile anaona mara moja kwamba mwandishi alijua kuna vialama, akaweka viwili akachoka. Kama huwezi kuweka vyote kwenye jina, usiweke hata kimoja.

Tiketi_Moshi

Aliyotangulia kusema ni sahihi kwa karatasi za kusomwa. Mimi nizungumzie zile za kulinganishwa, maana huko ndiko mgeni anakokwama kwenye kaunta.

Fungua pasipoti ukurasa wa picha. Jina limeandikwa mara mbili. Juu limeandikwa la kusomwa na macho: MÜLLER JÜRGEN. Chini kuna mistari miwili ya mashine, kila mmoja una nafasi 44, na wa kwanza unasoma hivi: P<D<<MUELLER<<JUERGEN<<<<< mpaka mwisho. Mstari huo haukubali kitu zaidi ya A hadi Z, tarakimu na hiyo alama ya <. Tiketi ya ndege inafuata huo wa chini. Mgeni akikutumia jina kwa barua pepe ukakata tiketi ya MULLER, umempa tahajia ya tatu ambayo haipo popote kwenye pasipoti yake.

Msitumie jedwali la kubadilisha herufi lililobandikwa ukutani. Utaratibu wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, unaziachia nchi nafasi ya kuchagua: Ü inaweza kuwa UE, UXX au U tupu, Ñ inaweza kuwa N au NXX, Å ni AA au A. Pasipoti ya Ujerumani itasema UE, ya Uturuki kwa herufi ile ile itasema U. Herufi ß ni SS, Ø ni OE, Ł ni L, Þ ni TH. Dawa ni moja: omba picha ya ukurasa wa pasipoti, nakili mstari wa chini herufi kwa herufi. Kistari cha kuunganisha majina mle ndani hugeuka <, na alama ya ritifaa (') hufutwa kabisa.

Jina lina nafasi 39 tu kwenye mstari huo, hivyo majina marefu hukatwa. Usijaribu kulikamilisha kwa kukisia; linganisha na sehemu ya juu.

Na usirudi kinyumenyume. Kuona UE kwenye mstari wa mashine ukaandika ü kwenye kibao cha mapokezi ni hatari, maana SAMUEL na MANUEL nao wana UE. Ya kusomwa ichukue juu, au muulize mgeni kwenye fomu: "Jina lako uliandike unavyotaka lionekane kwenye cheti." Swali hilo moja kwenye fomu linamaliza ubishi wa ofisi nzima. Lina faida nyingine: sehemu ya juu ya pasipoti mara nyingi ni herufi kubwa tupu, na huwezi kujua kutoka huko kama mtu anajiandika De la Cruz au de la Cruz.

Karani_Njiro

Asanteni sana. Kwa hiyo mtu mmoja atakuwa na tahajia mbili kwenye Excel? Si ndiyo tutaanza kuchanganya?

Fundi_Majedwali

Mtachanganya mkiziweka safu moja. Wekeni safu mbili: "jina la pasipoti", herufi kubwa A hadi Z kutoka mstari wa mashine, na "jina la kuandika", lenye vialama. Tiketi na fomu zinazokataa vialama zinachukua ya kwanza, vingine vyote ya pili. Kiungo kati ya majedwali kiwe namba ya safari, kamwe kisiwe jina.

Herufi za ajabu ulizozitaja, kama MÃ¼ller na JosÃ©, zina sababu moja. Faili limehifadhiwa kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote, ambamo ü inachukua baiti mbili, na Excel imelisoma kwa mfumo wa zamani wa Windows unaohesabu kila baiti kuwa herufi. Usilifungue faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu) kwa kulibofya mara mbili. Fungua Excel tupu, nenda menyu ya Data, chagua From Text/CSV, na penye asili ya faili weka 65001: Unicode (UTF-8). Majina yatakaa sawa. Wakati wa kuhifadhi chagua CSV UTF-8, siyo CSV ya kawaida.

Hapo pana tofauti kubwa ambayo watu hawaioni. Ukiona Ã¼ usijali, taarifa bado ipo, imesomwa vibaya tu. Ukiona alama ya kuuliza mahali pa herufi, mfano Dvo?ák, herufi imekwishapotea na hakuna programu itakayoirudisha. Hiyo hutokea mtu akihifadhi kwa mfumo wa zamani usiokuwa na ř. Mwombe aliyetuma faili alitume upya kabla hujaendelea na kazi.

Tatizo la pili ni jina linaloonekana sawa lakini halipatikani ukilitafuta. Herufi é inaweza kuwa herufi moja kamili, au e ikifuatiwa na kialama kinachokaa juu yake. Machoni hazitofautiani, kwenye kompyuta ni vitu viwili. Pima kwa LEN, fomula ya Excel inayohesabu herufi: "José" ikikupa 5 badala ya 4, ni ya aina ya pili. Ifute, iandike upya kwa kibodi.

La tatu, programu za kufuta vialama. Nyingi hutenganisha herufi na kialama chake, kisha hutupa kialama. Kwa é na ř inafanya kazi. Lakini ł, ø, đ, ß na ı ya Kituruki hazitenganishiki, kila moja ni herufi kamili, hivyo programu ya ovyo huzitupa mzima mzima. Wałęsa anatoka akiwa Waesa, wakati alipaswa kuwa Walesa. Kama ni lazima kufuta, kagua hizo tano kwa jicho.

Geti_Machame

Naheshimu wataalamu, ila mimi sikubaliani na "popote litakaposomwa na binadamu". Orodha ya wapandaji inanakiliwa kwa mkono, inasomwa kwenye simu penye mtandao mbovu, kiongozi anaikunja mfukoni kwenye mvua. Nukta mbili za kalamu juu ya u zinageuka chochote: mtu anasoma i mbili, mwingine anasoma n. Herufi ł ya mkono inasomwa t. Dharura ikitokea, jina la kwenye orodha lazima lilingane na pasipoti na bima bila mjadala. Orodha ya mlimani iwe herufi kubwa za mstari wa mashine, vialama vibaki kwenye cheti na kibao.

Mhariri_Sakina

Hapo umenishika, na nakubali kwa orodha ya mlimani. Pembeni tu weka namna mgeni anavyoitwa, kwa silabi zetu, kiongozi asije akamwita Wałęsa "Walesa" siku sita nzima: Va-we-nsa. Vialama peke yake havimfundishi kutamka asiyejua Kipolandi.

Niongeze moja la kwetu, maana watu wanaodhani vialama ni anasa ya Wazungu wanasahau majina ya hapa. Ngũgĩ wa Thiong'o ana ũ na ĩ za Kikikuyu, ambazo ni irabu tofauti na u na i. Ng'wandu ana ritifaa, na bila hiyo ng inatamkwa kama ya Ngorongoro. Tunaoudhika tukifutiwa ritifaa tuna kila sababu ya kumwachia Mcheki háček yake, kile kialama cha juu ya č na ř.

Fundi_Majedwali

Na hiyo ritifaa ina mitego yake, mkuu. Fomula ya PROPER kwenye Excel inakuza herufi inayofuata ritifaa: utapata Ng'Wandu na Thiong'O. Tena Word huweka ritifaa iliyopinda (’) na Excel iliyonyooka ('), hivyo jina moja likitafutwa halionekani. Chagueni iliyonyooka kwenye majedwali, iliyopinda ibaki kwa chapa.

Kwenye meseji za jumla gharama inaingia hapa. Meseji ya kawaida ina herufi 160. Alfabeti yake inazo é, è, ü, ö, ä, ñ, ø, å na ß, hizo hazikuongezei kitu. Lakini č, ř, ł, ş, á, í, ó, au ritifaa iliyopinda, hata ikiwa moja tu, hugeuza meseji nzima kuwa ya herufi 70, na unalipia mbili au tatu. Kwa meseji, basi, tumia jina la kwanza lisilo na taabu, au kubali gharama.

Karani_Njiro

Nimeelewa. La mwisho: tunaziandikaje? Kibodi zetu ni za kawaida.

Tiketi_Moshi

Simu: bonyeza herufi uishikilie, vialama vitajitokeza. Windows, ukiwa na tarakimu za pembeni: shikilia Alt uandike 0233 kwa é, 0252 kwa ü, 0246 kwa ö, 0228 kwa ä, 0241 kwa ñ, 0231 kwa ç, 0248 kwa ø, 0223 kwa ß. Kwa zisizokuwamo humo, ukiwa kwenye Word andika 010D kisha Alt na X upate č. 0159 ni ř, 0142 ni ł, 015F ni ş. Lililo rahisi zaidi ni kunakili jina kutoka barua pepe ya mgeni mwenyewe na kulibandika bila mtindo.

Kabla hamjampelekea mchapaji wa vyeti, mwambieni aandike ą č ě ğ ı ł ő ř ş ů kwa fonti anayotaka kutumia. Fonti nyingi za mapambo hazina herufi hizo, kompyuta huazima kutoka fonti nyingine, na ř moja inatokea nyembamba katikati ya jina nene. Angalieni hasa ő ya Kihungari, ambayo wachapaji hupenda kuibadilisha na ö: vistari viwili si nukta mbili.