Niuze dume wetu mwekundu ninunue Dorper?

Mchungaji wa Longido
Wakuu, habari za malisho? Kundi la mzee wangu ni kondoo wekundu wa Kimaasai, hawa wa mkia mnene. Mnadani chotara wa Dorper, kondoo wa nyama wa kigeni, anawazidi bei, na jirani ananiuzia dume wa Dorper kutoka upande wa Kenya. Mzee hataki hata kusikia. Anasema masika iliyopita machotara wa jirani walivimba chini ya taya wakafa, wetu wakapona. Halafu nasikia siku hizi kondoo wanapimwa vinasaba. Mfugaji kama mimi inanisaidia nini?

Bwana Mifugo Mstaafu
Mwanangu, msikilize mzee. Uvimbe ule ni dalili ya kuishiwa damu. Kuna mnyoo anayekaa tumbo la nne la kondoo akinyonya damu, na jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Mvua ikinyesha, lava, yaani minyoo michanga, hupanda kwenye majani mabichi. Kondoo mwekundu naye huwapata, ila mwili wake huwabana wasizaane, na hata damu ikipungua anastahimili. Miaka ya 1990 watafiti walimlinganisha na Dorper kule Diani, pwani ya Kenya, penye unyevu mwingi, na Dorper aliachwa mbali sana. Penye ukavu Dorper anajitahidi, hilo nalo ni kweli.

Sasa vinasaba. Katikati ya miaka ya 1970 Kenya ilianza kusambaza madume wa Dorper kwa ruzuku, na wafugaji hawakuelekezwa namna ya kutunza mbegu halisi ya kondoo wekundu. Watafiti wa taasisi ya kimataifa ya mifugo, ambayo leo inaitwa ILRI, walipowatafuta wekundu halisi mwaka 1992, na tena miaka ya baadaye, walihangaika kuwapata. Hata kundi dogo walilofanikiwa kuunda lilikuja kuonekana lina damu ya kigeni. Linaniuma hili. Mbegu iliyochujwa na magonjwa ya hapa kwa vizazi na vizazi, inayeyuka ndani ya umri wa mtu mmoja!

Rangi inadanganya. Mjukuu wa Dorper anaweza kutoka mwekundu mwili mzima, na mkia wake mnene. Kipimo husoma alama zaidi ya 50,000 kwenye vinasaba, kikaonyesha sehemu gani ya damu imetoka wapi. Ila usitegemee kuambiwa "huyu anahimili minyoo, huyu hahimili". Uwezo huo umetawanyika sehemu nyingi za jenomu, yaani jumla ya vinasaba vyake, kila moja inachangia kidogo.

Wewe una kipimo cha bure. Masika funua kope la chini la kila kondoo. Ndani kukiwa kwekundu vizuri damu ipo, kukiwa kweupe ni hatari, mnyweshe dawa huyo. Anayerudia weupe kila msimu, usimzalishe.

Mama Kajiado
Kaka, usiuze dume! Mimi nafuga wote wawili. Majike wekundu walio bora wanapandwa na dume mwekundu tu, waliobaki nawapa Dorper. Machotara wote wanaenda sokoni, dume kwa jike, hakuna anayebaki kuzaa. Hela ya Dorper naipata na mbegu yangu ipo. Na dume mwekundu usimwache akapanda binti zake, badilishana na mfugaji wa mbali.

Mchungaji wa Longido
Asanteni sana. Shida yangu ni malisho, wote wanachungwa pamoja na mchungaji ni mimi peke yangu. Dorper nitamzuiaje?

Bwana Mifugo Mstaafu
Mfunge ngozi chini ya tumbo, mbele ya uume, hata akipanda hafiki. Mzee wako anaijua, Wamaasai wanaitumia tangu zamani ili wanakondoo wasizaliwe kiangazi. Msimu wa kupandisha ukifika, tenga majike uliowapangia Dorper bomani usiku, umfungulie humo humo, asubuhi mrudishie ngozi kabla ya kutoka. Kagua kamba kila siku, ikikaza inamchubua.

Mchungaji wa Longido
Mzee anacheka, anasema anayo moja kuukuu juu ya dari. Dume wetu haendi mnadani.