Nesi akisoma masta (shahada ya pili) ya uuguzi wa kliniki, hospitali inafaidika vipi?

nesi_tudor: Hamjambo wadau wa Mombasa, mwenzetu akirudi na masta yake anarudishwa zamu ile ile kama zamani, sasa huyu hospitali yamfaidi vipi? Mimi nnaona ni hasara wallahi.

bi_likoni: Dada, kazi yake iko hapo hapo wodini. Chukua mpira wa mkojo, yeye ndo wa kuuliza kila asubuhi huyu mgonjwa bado anauhitaji, maanake ukikaa siku nyingi bakteria wanaingia. Asome utafiti, atengeneze utaratibu, afunze wenzake, halafu ahesabu maambukizi yamepungua ama la. Hapo kwa hesabu ndo wengi wanaacha, na inaniuma sana.

kijana_wa_mvita: Kule Marekani kuna Magnet, cheti cha hospitali zenye uuguzi bora, chatolewa na ANCC, taasisi ya kuthibitisha wauguzi; hospitali ya kwanza kuipata ni ya University of Washington, Seattle, 1994. Wanataka uonyeshe matokeo, mfano vidonda vya kulalia na wagonjwa kuanguka.

nesi_tudor: Shukran. Kwa hivyo tumuombe matroni ampe japo siku moja kwa wiki ya kufanya kazi hiyo?

bi_likoni: Ombeni, tena kwa maandishi. Wodi moja, shida moja kwanza.