Fundi mliyenisifia humu kanizibia dohani, halafu ananiuliza kama nilitaka mvua iingie

Wakuu, leo sina salamu. Naandika nikiwa kibarazani, saa tatu usiku, Njombe hii hii, mwezi wa saba, kwa sababu ndani hakukaliki.

Huyo fundi mnamjua. Jina silitaji. Yule wa kofia ya sufu, anayetembea na pimamaji mfuko wa nyuma kama daktari na kipimo chake. Humu humu mliniambia "huyo ndiye fundi wa nyumba za mawe." Mawe yenyewe yanamshangaa.

Nyumba ni ya mzungu mmoja wa zamani, babu aliinunua pamoja na shamba. Ukuta mnene karibu nusu mita, sebuleni kuna meko ya kuotea moto. Bajeti yangu milioni moja na laki mbili, hela yote ya parachichi. Kazi nilizompa ni tatu: abadilishe mabati yaliyooza, azibe nyufa, asafishe dohani. ASAFISHE.

Leo mama mkwe kafika kutoka Tanga, mara yake ya kwanza kupanda huku. Kashuka kwenye basi anatetemeka kama mashine ya kusaga. Nikamwambia mama karibu, sogea hapa, huku tunaota moto kistaarabu. Nikawasha. Hazikupita dakika mbili, moshi umegeuka wote kurudi sebuleni, mama mkwe haonekani. Nasikia sauti tu: "Baba, uko wapi?" Nami nimesimama mbele yake hatua mbili! Tumemtoa kwa kumvuta kanga.

Nikapanda juu na tochi. Dohani hamna. Sisemi imeziba, nasema HAMNA. Kaikata usawa wa paa, kamwaga zege, kapitisha bati jipya juu yake, bati linang'aa kama sahani ya harusi. Nikampigia. Anapokea huku anatafuna: "Sasa bosi, ulitaka mvua iingie?"

Narudia kwa waliochelewa. Mama mkwe anakohoa hadi majirani wametoka nje, mimi niko juu ya paa upepo wa Makete unanipiga mbavuni, na mtu niliyemlipa laki tatu na nusu ya ufundi ananiuliza kama nilitaka mvua iingie. Mwezi wa saba! Kwa hiyo yule mzungu aliishi humo miaka yote analoa, anasubiri azaliwe fundi huyu aje amsitiri.

Nyufa nazo kaziba kwa saruji tupu, ukuta unatoa jasho. Hilo tuliache. MVUA IINGIE!

Mbena Mtupu: Uzi bila picha ni chai. Picha ya nyumba lakini, mama mkwe mwache apumzike.

Kikombe cha Ulanzi: Kamwene mnyalukolo. "Baba, uko wapi" imenimaliza, nimemwaga kinywaji chote.

Geji 28: Mkuu, na wewe hukuona? Nyumba umeiacha na dohani, umeikuta haina, ukalipa. Hata kuku wakirudi bandani watu wanahesabu.

Mleta mada: Nilikuwa Makambako kwenye parachichi. Nimerudi usiku, juu ya paa ningeonaje?

Geji 28: Na kesho yake? Dohani inaonekana toka barabarani mkuu.

Mwana Tukuyu: Mwezi wa saba kwenu hamna mvua. Mleteni kwetu Rungwe, atatufaa.

Babu Seremala: Kijana, hasira ikupande na kushuka, lakini usiku huu usije ukaingiza jiko la mkaa chumbani mkafunga madirisha. Hewa ile haina harufu, mnalala mnapitiliza, na kila msimu wa baridi tunazika. Saruji ibandue. Mawe ya zamani yameshikwa kwa udongo na chokaa. Unyevu unapanda kutoka chini, ukikosa pa kutokea unakutokea sebuleni. Piga chokaa na mchanga. Darini mwaga maranda, joto lisipotelee kwenye bati, ila yakae mbali na dohani. Ukishaipata.

Mleta mada: Ahsante babu. Angalau mmoja kaongea.

Mama Kuku Mafinga: Maranda ya kumwaga darini? Babu unaishi mwaka gani? Zamani tulikuwa tunabembelezwa tuyazoe, siku hizi wanauza kwa gunia, na gunia lenyewe nusu ni magome!

Viazi Mviringo: Gunia? Dada usiniguse kidonda. Juzi nimeuza viazi, mnunuzi kaja na gunia limeunganishwa juu na wavu, linasimama kama mtu aliyevaa kilemba. Lumbesa si ilikatazwa? Nikasema hivyo, akaniambia basi kavile mwenyewe.

Kikombe cha Ulanzi: Na wewe ukauza.

Viazi Mviringo: Nikauza. Ada ya mtoto ungelipa wewe?

Mama Kuku Mafinga: Hao wa lumbesa ndio hao hao wa maranda, nawajua, wana fuso ya bluu.

Mleta mada: Wakuu, tulikuwa kwenye dohani. Mama mkwe anauliza basi la kwanza la asubuhi linatoka saa ngapi.

Mbena Mtupu: Saa kumi na mbili. Abebe mwavuli, mvua isije ikaingia.

Geji 28: Fuso ya bluu yenye maandishi nyuma? Hao wananidai mbao!

Mama Kuku Mafinga: WANAKUDAI au unawadai?

Mpangaji wa Uyole: Samahani mleta mada, mimi bati langu linavuja mwaka wa pili sasa, mafundi watatu wameshindwa. Huyo wako anaonekana mkono wake wa kuziba ni mzuri. Bado anapatikana pale pale?

Kikombe cha Ulanzi: Yupo, namwona hapa anamalizia chipsi. Nimpe simu?