Nimeshinda mechi, programu inaniambia NIMEKOSA USHINDI! Huu ni udhalilishaji

Wakuu, naandika mkono unatetemeka, na siyo baridi ya Mbeya. Programu yenyewe siitaji, mnaijua. Ile ya chesi, ukimaliza mechi inachambua na kuipa kila hatua kialama cha rangi.

Usiku huu niko Mwanjelwa kwa dada yangu, nacheza na jamaa wa mbali huko. Hatua ya 23 nimemla malkia. MALKIA! Kilichobaki ni kufagia tu. Nikala na ngome, jamaa akasalimu amri. Nikaita nyumba nzima waje waone uchambuzi.

Wakuu, pale nilipokula ngome, msalaba mwekundu. Fursa imepotea! Eti kulikuwa na mati, yaani kumbana mfalme mpaka hana pa kukimbilia, ya hatua 6: namtoa malkia wangu sadaka, farasi anazunguka kama bajaji inayotafuta abiria Kabwe, mfalme anafia pembeni. Nani anaona hayo saa yake imebakiza sekunde 40? Ngome ilikuwa ya bure! Hata bibi yangu wa Tukuyu, anayemwita yule farasi mbuzi, angeila ile ngome!

Mtoto wa dada, darasa la tatu, akasoma kwa sauti mbele ya shemeji: "Mjomba, umekosa ushindi." Nimeshinda! Jamaa kakimbia! Mjomba kakosa ushindi gani?

Nikaiacha simu ichambue kwa kina zaidi. Hatua yangu ya 17, mwanzo iliiandika kosa, ikageuka kuwa nzuri. Ila msalaba wa ngome haukutoka. Mpaka sasa yule mtoto ananiangalia kwa huruma.

Kete Nyeusi: Umeshinda halafu unalia. Ungepigwa ungeandika kitabu?

Mkulima wa Uyole: Mkuu, mashine haijui kama umeshinda. Inapima hatua yako dhidi ya ile bora iliyoiona, basi. Nyingi siku hizi zinageuza pointi kuwa asilimia ya nafasi ya kushinda. Ukiwa +9, yaani unaongoza kwa pointi 9, ukashuka mpaka +6, asilimia inapungua kidogo sana. Ukiwa sawa kwa sawa ukashuka -3, nusu ya nafasi yako inaweza kuwa imeondoka. Lakini mati ina hesabu yake. Ukiwa nayo ukaiacha, inakuandikia hata kama unaongoza kwa malkia.

Mleta uzi: Kwa hiyo unaitetea? NGOME ILIKUWA YA BURE.

Mkulima wa Uyole: Sitetei, naeleza. Na hiyo hatua ya 17, ikichimba zaidi inaona zaidi, hukumu inabadilika. Ndivyo inavyofanya kazi.

Baridi ya Mafinga: Afadhali wewe. Mimi wiki iliyopita nimemfunga mtu, usahihi wa hatua zangu ukatoka asilimia 71, wake 84! Aliyefungwa kacheza vizuri kuliko mimi? Hatua 40 alicheza safi, akakosea moja tu, ndiyo nikashinda. Kuna kushinda na kuonewa kwa wakati mmoja.

Kete Nyeusi: Mleta uzi, huyo mtoto wa darasa la tatu anacheza? Mlete tumpe simu, wewe kaa pembeni.

Mleta uzi: Mtoto hana kosa. Alisoma kilichoandikwa. Kosa ni la aliyeandika.

Mzee wa Vizibo: Vijana mnahangaika na simu. Njooni kwenye drafti hapa Soweto ya Mbeya muone uonevu wa kweli. Jana nimepitiwa, sikula kete, mtu kaninyang'anya yangu eti kula ni lazima. Tulikubaliana lini?

Mama Parachichi Njombe: Kula ni lazima mzee, hiyo ni drafti ya karibu kila mahali.

Mzee wa Vizibo: Kwetu Iringa tulikuwa tunakumbushana kwanza!

Baridi ya Mafinga: Iringa ipi hiyo? Nimezaliwa Kihesa. Usipokula, kete inaondoka, hakuna cha kukumbushana.

Kete Nyeusi: Kinachokera drafti ya Soweto ni watazamaji. Umeinua mkono tu, watu sita wanapiga kelele "siyo hiyo!"

Mzee wa Vizibo: Na mmoja wao ndiye aliyemwonyesha kete yangu. Soda yake sinunui.

Mama Parachichi Njombe: Ulishindania soda? Lipa mzee.