Kosa la RAM kwenye seva ya Linux: kerneli imetenga ukurasa mmoja (KB 4 za memori), RAM ibadilishwe au la?

fundi_langoni
Assalam aleikum wakuu. Kuna seva ya Linux hapa Lamu, RAM ya ECC (yenye biti za ziada za kugundua na kurekebisha makosa), vipande vinne vya GB 8. Logi ya kerneli (kiini cha Linux) imeandika:

`Memory failure: 0x1c3f2a: recovery action for dirty LRU page: Recovered`

Programu moja imekufa kwa SIGBUS (ishara ya kosa la memori), na HardwareCorrupted (memori iliyoharibika) ndani ya /proc/meminfo inasoma 4 kB. Seva yenyewe haikuzima. Kabla ya hapo ce_count ya EDAC (hesabu ya makosa ya RAM yaliyorekebishwa) ilikuwa ikipanda polepole. Je, kerneli imeshamaliza kazi, ama niagize RAM Mombasa?

kusi_root
Wa aleikum salaam. Hiyo "Recovered" isikupe usingizi. Imetengwa KB 4 tu, kipande kibovu bado kimo ndani. Ukurasa ukiwa nakala safi ya faili, kerneli huutupa na kuusoma tena kutoka diski, wala hakuna anayejua. Ukiwa wa kerneli yenyewe, hakuna kuokoa.

Wako ni "dirty", yaani una mabadiliko yasiyo na nakala diskini, na logi haisemi ni dirty ya namna gani. Yaweza kuwa memori ya programu, ambayo imekwenda nayo. Yaweza pia kuwa data ya faili iliyokuwa haijafika diskini, na hapo ndipo penye balaa: faili hupewa kosa la EIO (kosa la kusoma au kuandika), nalo hutolewa mara moja tu. Programu isiyoangalia jibu la fsync (amri ya kulazimisha data ifike diskini) itasoma data ya zamani ikidhani ni mpya. Kagua faili za ile programu leo, usingoje RAM.

ecc_malindi
Agiza. ECC ya kawaida ina biti 8 za ukaguzi kwa kila biti 64: hurekebisha biti moja, mbili huziona tu bila kuzirekebisha. ce_count inayopanda kwenye kipande kilekile ni onyo tosha.

`ras-mc-ctl --error-count` itakuonyesha sloti, `dmidecode -t memory` itakupa namba ya kipande. Angalia kama ni RDIMM au UDIMM, aina mbili za vipande vya RAM, hazichanganyiki.

Wakati unangoja, washa rasdaemon (programu inayofuatilia makosa ya RAM) na uweke PAGE_CE_ACTION=soft. Ukurasa unaosumbua huhamishwa ukiwa bado unasomeka, na hakuna programu inayouawa. Ukitumia soft_offline_page (faili ya kerneli ya kuhamisha ukurasa) kwa mkono, inataka anwani, si namba ya ukurasa: ongeza sifuri tatu mwishoni mwa ile namba ya logi.

Ukiwasha upya, kutengwa kote kunapotea. Weka `memmap=4K$0x1c3f2a000` kwenye amri ya kuwashia kerneli ili isiguse ukurasa huo, ila GRUB (programu inayowasha Linux) humeza ile alama ya dola, kwa hiyo ndani ya /etc/default/grub andika `\\\$`, halafu hakikisha kwenye /proc/cmdline (amri iliyotumika kuwasha).

fundi_langoni
Shukran. Na hewa hii ya chumvi, haiwezi kuwa ni kutu ya miguu ya RAM tu?

ecc_malindi
Yawezekana. Zima, safisha kwa spiriti ya isopropili, iache ikauke, kisha badilishana sloti na kipande kizima. Makosa yakikifuata kipande, ni kibovu. Yakibaki kwenye sloti ileile, tatizo ni ubao au prosesa. Ukishahamisha, ondoa ile memmap, maana anwani haitaangukia tena chipu ileile.