Mafundi AC wa magari Dar, mtatujazia gesi kwenye mfumo unaovuja mpaka lini?

Wakuu, leo nina hasira, atakayekwazika anivumilie.

Nianze na swali kwa mafundi AC mliomo humu. Gesi ya AC ya gari huwa inaisha vipi? Nauliza kwa sababu kila gereji niliyopita jibu ni moja: "Bosi, gesi imeisha, tunajaza tu, elfu sitini, unaondoka na baridi yako." Imeisha imekwenda wapi? Petroli inachomwa, sawa. Gesi ya AC haichomwi popote. Inatoka kwenye kompresa inayoisukuma, inaingia kondensa inayoipoza pale mbele ya rejeta, inapita draya inayonyonya unyevu, inapita valvu ya ekspansheni yenye kitundu chembamba, inaingia evaporeta inayotoa baridi nyuma ya dashibodi, halafu inarudi kompresa. Inazunguka humohumo. Kweli ipo kidogo inayopenya kwenye mipira na sili, ila hiyo ni habari ya miaka. Ukijaziwa leo na mwezi haujaisha unapulizwa joto, kuna tundu. Na fundi anajua kuna tundu. Anajaza maji kwenye pakacha kwa makusudi, kwa sababu pakacha ndilo linalomrudisha mteja.

Gari langu ni Toyota Spacio, linatumia gesi aina ya R134a, ipo kwenye stika chini ya boneti na uzito wa gesi wameuandika kwa gramu. Kwa gramu, wakuu! Sasa fundi wangu alivyojaza: gari linaunguruma, kopo limeunganishwa kwenye mrija wa upande wa presha ya chini, geji ya kupimia presha haipo, mizani haipo, anashika bomba kwa kiganja, anafumba jicho moja, anasema "hapo tayari imekubali". Kiganja ndiyo mizani. Nilipomuuliza kuhusu geji akasema geji ni za wanaojifunza.

Tena hata geji yenyewe inataka akili. Gari likiwa limezimwa, kwa joto letu la nyuzi 30, R134a itakusomea kama psi 95 hivi (psi ni kipimo cha presha) pande zote mbili, wa presha ya chini na wa presha ya juu, iwe mfumo umejaa au umebaki na nusu. Ilimradi humo ndani kuna gesi iliyobaki katika hali ya majimaji, presha inafuata joto, haifuati wingi. Ndiyo maana kiwandani wameandika gramu. Injini ikiwaka ndipo geji zinaanza kusema: upande wa chini uwe kwenye psi 30 hadi 45, upande wa juu 200 hadi 250 kwa joto kama letu. Zote zikiwa chini, gesi imepungua. Chini iko juu na juu iko chini, kompresa imechoka. Juu imepaa kupita kiasi, angalia feni ya kondensa, au fundi aliyetangulia kazidisha gesi. Shemeji yangu AC yake ilikuwa inapoza akikimbia, akikwama foleni ya Ubungo inageuka heta. Hata mimi nisiye fundi najua hiyo ni feni. Kauziwa gesi.

Turudi kwenye kisa changu. Baridi ilipokata tena nikarudi palepale. Safari hii wimbo ukabadilika: "Bosi, kompresa imekufa, klachi yake haivuti. Ipo ya mtumba hapo jirani, laki tatu na nusu pamoja na ufundi." Nikagoma kununua. Akasema basi anipe ya dharura, akainama chini ya boneti dakika chache na koleo, klachi, ile inayoiunganisha kompresa na mkanda wa injini, ikalia "ta", kompresa ikaanza kuzunguka. Baridi ikaja kiasi. Akapokea hela yake, nikaondoka.

Alichofanya nimekuja kukijua kwa mzee mmoja fundi, mtu wa maneno machache. Alifungua boneti, akamulika na tochi, akavuta waya mbili zilizosokotwa pamoja na kuzungushiwa selotepu nyeusi. Akaniuliza, "Nani kakufanyia hivi?" Zilikuwa waya za swichi ya presha.

Ambao hamjui: ile swichi ni mlinzi. Gesi ikipungua sana inakata umeme wa klachi ili kompresa isizunguke. Kwa nini? Kwa sababu mafuta ya kompresa yanasafiri pamoja na gesi. Gesi ikitoka, mafuta nayo hayarudi, na kompresa inasaga chuma kwa chuma. Kwa hiyo klachi yangu ilikuwa haivuti kwa sababu mfumo ulikuwa unafanya kazi yake. Kompresa ilikuwa nzima. Yule bwana akamwondoa mlinzi, akaruka swichi kwa kipande cha waya, akaniacha niendeshe kompresa kavu barabarani.

Mzee akalegeza bomba la kompresa. Mafuta yaliyotoka yalikuwa machache, meusi, na yakichezewa kwenye mwanga yanametameta kama rangi ya fedha. Hayo ni mabaki ya chuma. Kompresa iliyosemwa imekufa ikiwa nzima, sasa imekufa kweli, na aliyeiua ni yule aliyetaka kuniuzia nyingine. Tena haijafa peke yake, vumbi lake la chuma limeshatembea hadi kondensa na valvu ya ekspansheni. Laki tatu na nusu siku hizi naiona ndogo.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba tundu halikuwa limejificha. Kona ya chini ya kondensa, jirani na maungio ya bomba, vumbi lilikuwa limegandamana jeusi lenye mafuta, wakati kondensa nzima iliyobaki vumbi lake ni kavu, ukipuliza linaruka. Panapotoka gesi panatoka na mafuta, basi. Mzee akatia naitrojeni, akapaka povu la sabuni, likaanza kutoa mapovu palepale. Kazi ambayo haikuchukua hata muda wa kunywa soda, gereji nzima ya vijana wenye ovaroli haikuona haja ya kuifanya.

Na msinianzishie habari ya "vifaa ni ghali". Pampu ya vakyumu, ile ya kunyonya hewa yote kwenye mfumo, ni lazima kwa mtu anayejiita fundi AC. Mfumo ukishafunguliwa unaingia hewa na unyevu. Unyevu ukikutana na gesi na mafuta unazaa asidi, na ukiganda kwenye kitundu cha valvu unaziba. Ukivuta vakyumu nusu saa au zaidi, maji yanachemka kwa joto la kawaida na kutoka kama mvuke, na ukiacha geji itulie unajua kama mfumo unashika au bado unavuja. Nimeona kwa macho yangu kijana anapuliza mabomba ya AC kwa upepo wa kujazia matairi. Ule upepo umejaa maji! Wengine wanafungulia gesi ya zamani hewani, pshiiii, na kucheka. Hapo jirani Kigali, Oktoba 2016, mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za jamii hii, maana R134a inapasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kaboni dayoksaidi kwa uzito uleule. Sisi tunaipulizia wapita njia miguuni.

Nilimrudia yule bwana na kile kipande cha waya mkononi. Jibu lake: "Bosi, hizi gari za mtumba AC zake ndivyo zilivyo." Hela hajarudisha, na risiti hakuwahi kutoa.

Mafundi, tutozeni ya kutafuta tatizo. Niambie elfu thelathini ya kupima tu, nitakulipa, hata ukinikuta na fyuzi iliyoungua. Ila usiniuzie gesi bila kuniambia inakovujia.

Na wanaojiandaa kuniandikia "nunua gari jipya", pitieni mbali.

Msaada ninaoutaka kwa wadau: nimezunguka maduka ya spea ya Shaurimoyo kutafuta kompresa, nyingi ziko rafuni midomo wazi, zinakula vumbi na unyevu wa Dar, mwenye duka anakuhakikishia "hii imetoka Japani juzi". Nani anajua duka linalouza zilizozibwa midomo? Na kwa waliowahi kusafisha mfumo baada ya kompresa kujisaga, kondensa mlibadilisha au mliosha ikapona? Mzee anasema hizi zenye vitundu vyembamba hazioshiki, nibadilishe pamoja na draya.